Wimbo Uliokatwa Vituo

Nauliza kwanza, kabla sijasahau ninachouliza: sauti ikishamtoka mtu, ni ya nani? Ni ya koo lililoitoa, au ya sikio lililoipokea, au ya upepo ulioibeba katikati bila kuombwa? Nimekaa miaka kumi na mitatu, au labda ni mitatu tu, maana hapa mjini miaka haihesabiki sawasawa, nikizipanga sauti za watu kama mtu apangavyo vikombe kabatini, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Mpaka alipokuja Bi Ok-rye.

Mji wenyewe siutaji jina kwa sababu kila aliyefika aliuita kwa jina la kule alikotoka, na majina yote hayo yakakubaliwa. Kila mwenye duka ametundika saa ukutani inayofuata wakati wa kwao. Ukitembea barabara kuu kutoka juu hadi chini unapita asubuhi mbili, adhuhuri moja na machweo matatu, na kivuli chako hakijui kirefuke au kifupike. Mimi huhesabu saa tangu jua lichomoze, kama nilivyofundishwa nyumbani. Wenzangu huhesabu tangu usiku wa manane. Nikimwambia mtu tukutane saa tatu, hufika nimeshakwenda zangu. Ndivyo tunavyoishi: tunapishana, tunaombana radhi, tunapanga tena.

Naitwa Mwanakheri. Mama yangu alikuwa mpiga msondo katika ngoma za wanawake, na mimi nilishika ngoma kabla sijajua kusuka ukili. Hapa mjini niliajiriwa kwenye studio moja iitwayo Nyumba ya Sauti, nipige ngoma panapohitajika, na penginepo nikae mbele ya kompyuta nikate nyimbo za watu na kuziunga. Mkurugenzi wetu alikuwa Bwana Ilario. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu hadithi humtafuta mbaya wake kama mbu atafutavyo mguu. Alikuwa mpole, mwenye kikohozi, na aliwahi kunisimulia kwamba lugha ya mama yake ilibaki kwa mama huyo peke yake na kuku wake, na siku alipomzika hakuwa na neno hata moja la kumuaga. Tangu hapo alitamani wimbo mmoja ambao hakuna mtu angeweza kuambiwa si wako. Mji ulikuwa na sikukuu yake, Siku ya Sauti Moja, na kila mwaka watu walitoka barabarani kuimba pamoja, wakaishia kubishana waimbe nini.

Bi Cho Ok-rye alikuja asubuhi, saa nne yangu, saa kumi ya watu wengine. Alikuwa na miaka sabini na minane, mfupi, mgongo umenyooka kama mchi. Alifuatana na mjukuu wake Se-in, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyebeba gita la besi refu kuliko bibi yake. Bibi hakujua lugha ya mji, hivyo mjukuu alikuwa mdomo wake. Walitoka Korea, yaani bibi ndiye aliyetoka. Se-in alizaliwa hapa, na Korea aliijua kwa chakula na kwa kukemewa.

Se-in ndiye aliyelitaka jambo hili. Alinieleza baadaye kwamba alipokuwa mdogo, bibi yake alialikwa shuleni aimbe, na watoto wakacheka, wakasema anaimba kama mlango wenye kutu. Ni kweli sauti ile si laini. Wanawake wa kazi yake, waimbaji wa simulizi, huifundisha kwa kupiga kelele mbele ya maporomoko ya maji, mpaka koo lichanike, lipone, lichanike tena, na kinachobaki ni sauti yenye mikwaruzo inayoweza kubeba simulizi nzima kwa saa kadhaa ikiwa na ngoma moja tu ubavuni. Se-in siku ile alicheka pamoja na wenzake. Kwanza alimwonea bibi yake aibu, kisha akaionea aibu ile aibu, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Sasa alitaka wale wale waliocheka waje wacheze.

Bibi alikubali kwa sharti moja. Ngoma isiwe ya mashine. Mpigaji awe mtu, akae karibu, amwone anavyopumua.

Wimbo aliouleta haukuwa wa jukwaani. Ulikuwa wa kubebea maiti. Kijijini kwao mtu alipokufa alibebwa mabegani na wanaume kumi na wawili, jeneza limepambwa maua ya karatasi, na mbele yao alitangulia mtu mwenye kengele ndogo mkononi, akiimba, nao wakimwitikia kwa hatua. Aliyeshika kengele alikuwa baba yake Bi Ok-rye. Mwanamke hakushika kengele ile. Yeye aliuiba wimbo akiwa nyuma ya mlango wa jiko. Na wimbo ulikuwa na vituo vitatu. Kisimani jeneza lilituliwa, maiti akaambiwa anywe. Kwenye kinu cha mpunga lilituliwa tena, akaambiwa aage. Darajani mara ya mwisho, akaambiwa asigeuke nyuma. Katika kila kituo wimbo ulikoma kabisa. Ulikaa kimya kwa muda wowote ambao wafiwa waliutaka, na haukuendelea mpaka mmoja wao aseme inatosha.

Kisha serikali ya kwao ikajenga bwawa, na bonde lao likatakiwa lijae maji. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Baba yake alikufa katika mwezi wa mwisho, mabega ya kumbeba yalipokuwa yamekwisha kuhama. Walimpakia kwenye lori, juu ya makabati na magodoro, wakamzika kwenye mteremko kando ya barabara mpya. Lori halikusimama kisimani. Halikusimama popote. Ilikuwa imepita miaka arobaini na mmoja, na Bi Ok-rye alisema kwamba tangu siku hiyo baba yake yumo begani mwake, hajamtua bado. Alitaka wimbo urekodiwe mzima, na vituo vyake, ili amalize.

Se-in aliyatafsiri haya haraka haraka, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nami niliyasikia vivyo hivyo. Nilichoandika kwenye daftari langu ni: dakika kumi na saba, sauti moja, ngoma moja.

Tulifanya mazoezi siku tano. Ngoma ya kwao hukaa mbele ya mpigaji aliyekunja miguu sakafuni. Kiganja cha kushoto hupiga ngozi, na mkono wa kulia hushika kijiti cha kupiga upande wa pili na ukingo wa mbao. Mikono yangu ilijua mapigo mengi na nikayatoa yote. Bibi alinisimamisha. Kupitia kwa mjukuu wake aliniambia nilikuwa napiga kama mtu anayeogopa kuachwa. Akaniambia wao husema mpiga ngoma ni wa kwanza na mwimbaji ni wa pili, si kwa sababu anapiga sana, ila kwa sababu ndiye anayesikiliza. Basi nikajifunza kungoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga. Unangoja pumzi ya mtu, nayo inakuja kutoka mbali, na huna hakika kwamba inakuja. Siku ya tatu alipoipandisha sauti mahali fulani, ikapasuka katikati na kuendelea kupanda ikiwa imepasuka, neno lilinitoka bila ruhusa yangu. Nilisema, "Ewaa," kama tulivyokuwa tukisema kwetu mwimbaji anapogusa pale panapouma. Bibi alitabasamu. Kwao pia mpiga ngoma hutupa neno namna hiyo, ili mwimbaji ajue hayuko peke yake njiani.

Sikatai mchanganyiko. Ningeukataaje? Lugha ninayoota nayo imekopa kwa kila aliyepita pwani yetu na haijarudisha kitu, na chakula nikipendacho kimeungwa kwa viungo vya watu watatu waliopigana. Se-in alipoliingiza gita lake chini ya sauti ya bibi yake, taratibu, noti moja ndefu baada ya nyingine, lilifanana na maji yanayoinuka bondeni, na bibi mwenyewe alifumba macho akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwapo. Kwa saa nzima hatukujua nani ametoka wapi. Kwa hiyo nisije nikaambiwa kosa lilikuwa kuchanganya. Nimelitafuta kosa hilo usingizini na macho wazi, na naamini liko mahali padogo zaidi.

Bwana Ilario aliusikiliza wimbo wote akalia. Alipomaliza kulia alisema huu ndio wa Siku ya Sauti Moja. Kisha akasema uwe wa dakika tatu, uwekewe mdundo wa mashine usiokatika, mikwaruzo ya sauti isuguliwe kidogo, na kile kimya cha vituo kiondolewe, kwa sababu watu elfu thelathini barabarani hawawezi kusimamishwa mara tatu bila kujua wanamsubiri nani. Alisema kwa upole. Nikamtazama Se-in, maana wimbo ulikuwa wa kwao. Alikuwa akiutazama waya wa gita.

"Kata, dada," aliniambia. "Watu hawawezi kucheza kimya."

Nikakata. Mkono wangu unajua kazi. Nilikata kisima, nikakata kinu, nikakata daraja, nikaziunga ncha hata mwenyewe nisione mshono. Palepale pumzi ilipokuwa ikija kutoka mbali nilipachika pigo la mashine. Nakumbuka niliridhika. Hilo sitalificha.

Bibi aliitwa aje asikilize. Alikaa amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti. Wimbo ulipokwisha alisema neno moja ambalo hata mimi nilikwisha kulijua, yaani ni nzuri. Halafu akauliza jambo, taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Se-in hakutafsiri. Bibi akauliza tena. Nikamwuliza Se-in anasema nini, naye akajibu akiwa amegeukia ukuta.

"Anauliza, sasa tumemtua wapi."

Bwana Ilario aliuliza kumtua nani. Bi Ok-rye alingoja kidogo, kama mtu anayewapa watoto nafasi ya kukiri, kisha akainama kutuaga, akavaa viatu vyake vya turubai, akaondoka.

Siku ya Sauti Moja ilifana kuliko zote. Se-in aliimba jukwaani juu ya sauti ya bibi yake iliyotoka kwenye mashine, na mji mzima ukaruka. Wale waliocheka shuleni walimkumbatia wakilia machozi ya kweli. Alikuwa amepata alichokitaka, na nilimwona usoni akikitafuta. Baada ya hapo alizoea kuja studio na kuniomba nimchezee wimbo kwa hedifoni. Mkurugenzi alikuwa ameagiza sauti mbili, ya Se-in na ya bibi, ziunganishwe ziwe moja, nami nilizisuka vizuri mno. Se-in alitaka nimwonyeshe yake ni ipi. Nilisikiliza mara kumi. Niliyezisuka ni mimi, na sikujua tena. Alisema nyumbani hawezi kuuliza, kwa sababu bibi haimbi tena, hata akiosha vyombo.

Vipaza sauti vya sikukuu viliachwa barabara kuu, vikawa vinaupiga wimbo ule tangu asubuhi hadi jua kuzama. Huenda ni mawazo yangu, lakini niliona watu wakienda mbio zaidi. Mwoka mikate wa karibu na kwangu alilalamika kwamba wateja hawasemi naye tena. Wanachukua mkate huku miguu inaendelea kwenda. Na mimi, nilipokuwa nikitembea, nilihisi kitu begani, uzito mdogo usio na mpini wa kuushika. Niliwauliza wenzangu wawili watatu kama nao wanausikia. Walisema ni uchovu.

Bi Ok-rye alikufa alasiri, kwenye kiti, dirishani. Se-in alikuja kunipa habari bila chozi hata moja. Alisema anataka abebwe mabegani, asipandishwe gari. Tukatafuta wabebaji wanane: mwoka mikate na dada yake, muuza viatu aitwaye Abelardo, majirani wanne wa bibi, na fundi wa umeme wa studio. Nikaichukua ile ngoma nikaifunga kifuani kwa kanga. Njia ya makaburini ilikuwa moja tu, nayo ilipita barabara kuu.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Kisha tukaingia chini ya vipaza sauti, na miguu ya wabebaji ikaukamata mdundo. Haikuwa hiari yao. Wimbo huo walikuwa wameuvaa mwilini miezi mizima. Hatua zikawa fupi, kisha haraka, na jeneza likaanza kuruka. Dada yake mwoka mikate alikuwa akitabasamu huku machozi yanamtoka, uso umemgomea. Bibi wa watu alikuwa akipelekwa mbio kaburini kwa sauti yake mwenyewe. Se-in aliwaambia wasimame, wakasema ndiyo, ndiyo, na hawakusimama. Nilipiga yale mapigo ya pole niliyofundishwa. Mashine iliyameza. Nilipiga ukingo wa mbao hadi kijiti kikachanika, na hatua hazikubadilika.

Basi nikafanya lililobaki. Nikakimbia mbele yao, nikaketi chini katikati ya barabara, nikakunja miguu, nikaiweka ngoma mbele yangu na kuacha kupiga.

Wangenikanyaga. Abelardo wa mbele alikuwa ameshainua mguu. Akaushusha, akayumba, na jeneza zima likainama, wote wanane wakahangaika kulishika, na katika kule kuhangaika wakalitua. Lilitua mbele ya duka lake la viatu. Tukabaki pale tunahema. Vipaza sauti viliendelea kuimba juu ya vichwa vyetu, lakini miguu ilikuwa imekatika kutoka kwenye wimbo.

Se-in alinitazama. Hapakuwa na kisima pale. Kisha akaimba kwa lugha ya mji, maneno mepesi tu, kwamba bibi, hapa ndipo uliponunua viatu vya turubai ukalalamika vinabana, pumzika kidogo. Sauti ilimpasuka katikati. Hakuirekebisha; aliipandisha ikiwa imepasuka. Neno likanitoka lile lile la kwetu, na wabebaji wakaitikia kila mmoja alivyojua, mwingine kwa kuguna, mwingine kwa amina. Halafu kukawa kimya, kimya chetu sisi, chini ya kelele zile, na hakuna aliyesema inatosha mpaka Se-in aliposema.

Tulitua tena kwa mwoka mikate. Pale ndipo Bwana Ilario alipotufikia, amekimbia, kikohozi kimembana. Nilidhani amekuja kurekodi na nikajiandaa kusema ovyo. Hakuwa na chombo chochote. Alisimama karibu na jeneza akamwuliza Se-in, kwa sauti ndogo, kama na yeye anaweza kumweka hapo kidogo mama yake, yule aliyemzika bila neno.

"Mweke," alisema Se-in.

Akaweka kiganja juu ya ubao, na mabega yake yakashuka. Waliomwona wakakaribia. Sijui walijuaje. Mwanamke mmoja alimweka mtoto wake aliyebaki mpakani, mzee mmoja akawaweka kaka zake wanne kwa majina. Safari ya nusu saa ikawa ya mchana kutwa, na wachimba kaburi walikuwa wamekwisha kukasirika tulipofika.

Kaburini Se-in alitaka kummalizia na baba wa bibi yake ule wimbo wa vituo vitatu. Alianza kwa kinu, akasita. Alikuwa ameusikia wimbo maisha yake yote, lakini mpangilio wa vituo ulimpotea. Alichobaki nacho kichwani ni zile dakika tatu. Akatugeukia. Wa kumwuliza alikuwa ndani ya jeneza. Mimi nilijua. Nilijua kwa mkono, kwa sababu ndio uliokata, na mkono hukumbuka ulipopita kisu. Nikamwambia kisima kwanza, kisha kinu, daraja mwisho. Nikamwambia na urefu wa kila kimya, sekunde kwa sekunde. Aliniangalia kwa muda mrefu, na katika macho yake hapakuwa na shukrani wala lawama, ila kitu cha tatu ambacho sijakipatia jina. Akaimba. Aliponyamaza darajani, nami nikangoja, na ile pumzi haikuja, kwa kuwa hapakuwa na wa kuivuta tena. Se-in akasema inatosha. Hakuwa na hakika. Wala mimi hata leo sina hakika kama tulimtua mzee yule, au tulimhamisha tu kutoka bega moja kwenda jingine.

Wimbo wa dakika tatu haukufutika. Bwana Ilario alijaribu; aliviondoa vipaza sauti, lakini ulikwisha kuingia katika vinywa, na kinywa hakina swichi. Se-in anaimba ule mrefu kwenye kumbi ndogo, na gita lake chini yake. Akifika kwenye vituo wengine huinuka wakaondoka. Wengine hubaki, wakainamisha vichwa, hawajui kwa nini.

Juzi, au ni kesho, alikuja mwanamume mmoja studio na kanda ya wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba akitwanga. Alitaka niuwekee mdundo wa sasa, uwe mfupi, uchezeke harusini kwake. Nikavua hedifoni. Nikamwuliza mama yake alipokuwa akiuimba alikuwa akimwimbia nani. Alicheka, akaanza kujibu, akakwama. Aliishika ile kanda kwa mikono miwili. Akasema itabidi arudi nyumbani akaulize, kama bado yupo wa kumwuliza, na akatoka mlangoni akienda pole, kama mtu aliyetwikwa mzigo ambao asubuhi hakuwa nao. Nimemngoja. Bado hajarudi.